“Sawa” ya ku simu haitoshi



Mu msimu wa kahawa wa mwaka uliopita, tulipoteza mzigo wa siku moja juu ya neno moja dogo. Prezida wetu aliandika mu grupu ya WhatsApp: “Boti itakuja kesho. Leo musipokee kahawa.” Mupimaji wetu wa ku kisiwa cha Idjwi alijibu: “Sawa.” Lakini mangaribi ile alipokea kahawa, zaidi ya kilo mia tatu, juu wakulima walikuwa wamekwisha kushuka mulima na mizigo ku kichwa, na yeye hakuona namna ya kuwarudisha.

Kila mukulima wa kahawa anajua mambo yenye ilifuata. Matunda mekundu yanapaswa kupita ku mashine siku ile ile yenye yalivunwa. Yakilala mu mufuko yanapata joto, yanaanza kuchacha, na harufu ile haitoke tena hata ukiosha namna gani. Arabika yenye ingeuzwa kwa bei ya muzuri ikawa kahawa ya bei ya chini.

Prezida alisema mama yule alikataa amri makusudi. Mama naye alisema: “Mimi nilisema sawa, maana yake nimesikia. Sikusema nimekubali.” Na kusema kweli, wote wawili walikuwa na haki. Mu Kiswahili chetu “sawa” inabeba mambo mingi: nimesikia, nimekubali, nimechoka na wewe, tutaona. Tukiwa tumekaa pamoja chini ya muti tunaangalia uso wa mutu na tunajua ni “sawa” gani. Ku simu hakuna uso.

Siye ni komite ya kooperative ya kahawa yenye iko na wanamemba upande wa Kalehe na vilevile ku Idjwi. Hatukutani mara mingi. Mvua inaharibu barabara, usalama si wa kila siku, na pesa ya boti na pikipiki inatoka mu kesi ya wanamemba. Kwa hiyo kazi yetu kubwa tunaifanya ku simu, na tunajua kama kooperative mingi zenye zinasoma gazeti hili zinaishi vile vile.

Kisha hasara ile, animateri mumoja alikuja kutupatia formasio ya siku mbili juu ya tabia nne za watu. Labda na ninyi mumekwisha kuipata. Kuna mutu mwekundu: ana haraka, anataka matokeo, hapendi maneno marefu. Kuna wa manjano: anapenda kuongea, kuchekesha, kutia watu moyo. Wa kijani ni mutulivu, anaogopa ugomvi, anakubali polepole. Wa bluu anataka hesabu, karatasi, na kila kitu mu daftari. Mafundisho haya yalitoka mbali. Wagiriki wa zamani walikuwa wanagawanya watu mu mafungu ine kufuatana na maji ya mwili wao. Mwaka wa 1928, Mumarekani mumoja, William Moulton Marston, aliandika kitabu juu ya hisia za watu wa kawaida, na ndani yake ndiyo munatoka herufi ine D, I, S na C zenye animateri anaandika ku karatasi kubwa. Yeye mwenyewe hakutengeneza ile fomu ya maswali. Wengine waliitengeneza kisha yeye.

Formasio ile ilitusaidia? Ndiyo, ilitusaidia, na tunataka kusema wazi ni wapi.

Ilitusaidia kusoma mesaji zetu wenyewe. Animateri alituomba tufungue simu na tusome kwa sauti mambo yenye tuliandikiana mwezi mumoja. Tulicheka, kisha tukanyamaza. Mesaji za prezida zilikuwa za maneno matano, sita, kama amri ya askari. Kwake yeye ni kuchunga wakati. Kwa mutu mutulivu, kupokea maneno kama yale mbele ya watu makumi tatu wa grupu ni kugombezwa hazarani, na mutu mwenye kugombezwa hazarani hajibu kitu kingine isipokuwa “sawa”. Upande mwingine, ndugu yetu mwenye kutafuta wanamemba wapya alikuwa anatuma audio ya dakika ine: salamu, habari ya mazishi, habari ya mvua, na kilo zenye tulikuwa tunangojea ziko mu sekunde za mwisho. Mutunza feza alikuwa anakula mega zake zote kwa kutafuta namba moja. Hakuna mutu aliyekuwa mubaya. Kila mumoja alikuwa anaongea ginsi yeye mwenyewe angependa kuongeleshwa.

Kwa hiyo tulibadilisha mambo machache. Ku audio, namba inakuja kwanza, kisha salamu na mazishi. (Wazee walilalamika, na walikuwa na haki kidogo, juu kwetu kuanza na kilo mbele ya kuuliza habari za nyumbani si adabu. Tulikubaliana: salamu moja fupi, kisha namba.) Lawama haiingie tena mu grupu, mutu anapigiwa simu yeye peke yake. Na juu ya kilo, pesa na boti, “sawa” haipokelewe. Mutu anarudilia mambo yenye amesikia: “Boti kesho saa mbili, leo sipokee.” Na kama hawezi kuifanya, anasema pale pale: “Wakulima wamekwisha kufika, nifanye nini?” Tungekuwa na mazoea hii, zile kilo mia tatu hazingelala.

Lakini kuna kitu kimoja chenye tunakataa. Wiki moja tu kisha formasio, watu walianza kuitana kwa rangi. Prezida akikata mutu maneno anasema: “Munisamehe, mimi ni mwekundu.” Hapana! Kama unajua una haraka, ni wewe wa kwanza kupunguza, usiombe watu wengine wavumilie. Tena watu walianza kugawanya kazi kwa rangi: huyu ni wa manjano, hawezi kuchunga kesi. Wataalamu wengi wa mambo ya akili wanasema watu hawagawanyike mu masanduku ine namna ile. Wengi wako katikati. Hata sisi tunaona: mutu mumoja ana haraka ku soko na ana uvumilivu mu shamba.

Mufano wa kwanza ni mama mupimaji mwenyewe. Tulimuandika “kijani” juu ananyamaza mu grupu. Siku yenye tulivuka ziwa na kumukuta ku balansi yake, tulisikia mutu mwingine kabisa: anabishana juu ya kila kilo, anarudisha matunda mabichi, anafanya wanaume wacheke na waogope. Yote mu Kihavu. Mu grupu tulikuwa tunaandika Kiswahili chenye kimechanganyika na Kifaransa, na simu yenye alikuwa anatumia ilikuwa ya bwana yake, mwenye alikuwa anamupatia mangaribi tu. Ukimya wake ulikuwa luga na simu. Sasa anatuma audio mu Kihavu, na sekretere anaandika mu daftari. Tunamupigia simu saa sita, wakati bwana yake anarudi kula.

Tunaomba shirika lenye linatusaidia lisikie hili bila kukasirika: ku formasio ile mulialika prezida, sekretere na mutunza feza. Mupimaji hakualikwa, na yeye ndiye tulikuwa tunaongea juu yake siku mbili. Mara ingine mualike watu wa ku balansi, hata kama itafaa kupunguza wakubwa wawili. Na formasio ifanyike na simu mu mikono, mu luga yenye watu wanatumia ku kazi. Tena isisahau daftari. Kooperative zetu zinafuata sheria ya OHADA tangu Congo iliingia mule mwaka wa 2012. Mwenye kuja kukagua hatauliza nani alikuwa mwekundu, atauliza ni wapi mumeandika.

Kuna vijiji vyetu vya juu vyenye havina rezo kabisa. Kule tunatuma karatasi na mutu wa pikipiki, na mwenye kuipokea anaandika ku mugongo wake mambo yenye ameelewa, kisha inarudi. Mwezi uliopita karatasi moja ilirudi imeandikwa: “Nimesikia, lakini siku ya ine ni soko, hakuna mutu atakuja.” Tuliweka mupango ku siku ya tano.