Kizimba cha Chuma Ndani ya Gari: Ngao au Mtego?

Tangu mashindano ya Safari Rally yaliporejeshwa katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, baada ya kukosekana humo tangu mwaka 2002, shauku ya mbio za magari imeamka upya katika nchi zetu za Afrika Mashariki. Shauku hiyo haina ubaya wowote. Mchezo huu ni wetu tangu zamani, na umewapatia watu wa sehemu hizi heshima kubwa duniani. Hata hivyo, pamoja na shauku hiyo imezuka desturi ambayo haina budi kuchunguzwa kwa makini, nayo ni desturi ya kuyageuza magari ya kawaida yafanane na magari ya mashindano kwa kazi ya mafundi wa mitaani. Viti vya kiwandani hung'olewa na badala yake hufungwa viti vyembamba vya mbio; kisha ndani ya gari hujengwa kizimba cha mabomba ya chuma, na gari hilo hurudishwa barabarani kati ya watu.

Msomaji aliye askari aweza kuuliza jambo hili linamhusu nini. Linamhusu kwa sababu tatu. Kwanza, askari wa usalama barabarani ndiye anayekutana na magari hayo kwenye vizuizi, naye hutakiwa kuamua papo hapo kama yanafaa kupita. Pili, wako maafisa na askari vijana ambao, wakiisha kujiwekea akiba, hununua gari la kasi na kulipeleka kwa fundi walifanyie mageuzi hayo. Tatu, askari mwenyewe hupanda magari ya doria yaliyochomelewa mabomba mgongoni, na huyaamini mabomba hayo kwa maisha yake.

CHIMBUKO LAKE

Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, nayo yalipita katika ardhi ya Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1971 na tena mwaka 1973 ushindi ulichukuliwa na gari la michezo lililopendwa sana na vijana wa wakati ule, Datsun 240Z. Mshindi wa mwaka 1973 alikuwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Kampala, ambaye baadaye alishinda tena kwa miaka minne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982. Yafaa ikumbukwe kwamba gari la namna hiyo halikushinda kwa kasi peke yake. Lilishinda kwa kuweza kuhimili mashimo, mito na matope ya maelfu ya kilomita, na kwa kuwafikisha mwisho wa safari watu wawili waliokaa ndani yake wakiwa hai.

Kazi ya kizimba ni kulinda nafasi ya uhai ya watu hao wawili. Gari likipinduka, paa la bati haliwezi kubeba uzito wote wa gari likibiringika. Kizimba hulibeba paa, huzuia milango isiingie ndani, na huusambaza mshindo kwenye bodi nzima badala ya kuuacha uangukie mahali pamoja. Manufaa yake yalionekana wazi mwezi Januari 2020 katika mashindano ya Monte Carlo, pale gari la Ott Tänak liliporuka nje ya barabara likiwa katika kasi iliyokaribia kilomita 180 kwa saa, likabiringika mlimani na kupita katikati ya miti. Dereva na msomaji wake wa njia walitoka humo kwa miguu yao wenyewe.

Wala faida hii si ya wanamichezo tu. Sweden ilianza kulazimisha nguzo za kinga katika matrekta mapya mwaka 1959, na vifo vya wakulima waliokuwa wakilaliwa na matrekta vikapungua mno. Jeshi la Marekani nalo lilikuwa na gari dogo la M151, lililojulikana kwa tabia yake ya kupinduka kwenye kona. Katika miaka ya 1980 magari hayo yalifungiwa nguzo za kinga, baada ya askari wengi kufa na kujeruhiwa pasipo kupigwa risasi hata moja. Kwa hiyo hatubishani hapa juu ya manufaa ya chuma. Tunachouliza ni chuma gani, kimefungwaje, na nani amekaa ndani yake.

KANUNI NA MAZOEA YA MTAANI

Shirikisho la kimataifa la michezo ya magari, FIA, limeweka kanuni zinazoeleweka. Bomba la tao kuu, lile linalopita nyuma ya viti, sharti liwe la chuma kisicho na mshono, lenye kipenyo cha milimita 45 na unene wa milimita 2.5, au kipenyo cha milimita 50 na unene wa milimita 2. Likikunjwa, mkunjo wake usiwe mkali kuliko mara tatu ya kipenyo chake. Kila mguu wa kizimba husimama juu ya bamba la chuma lenye unene usiopungua milimita 3, lenye eneo la sentimita za mraba 120, lililochomelewa kwenye bodi. Nao hukazwa kwa bolti zisizopungua tatu, kila moja ikiwa na unene wa milimita 8 au zaidi.

Katika karakana nyingi za mitaani mambo huenda vingine. Mafundi wetu, wawe wa Katwe mjini Kampala au wa jua kali mjini Nairobi, wana ustadi ambao hauna shaka. Wengi wao wanaweza kutengeneza lango, jiko au tela kwa vifaa vichache sana. Lakini bomba wanalopewa na mteja asiyetaka gharama mara nyingi ni bomba la maji, lenye mshono ubavuni na lililopakwa zinki. Bomba hilo liliundwa libebe maji, halikuundwa libebe gari lililopinduka. Mshono wake ndio unaotangulia kupasuka. Likijazwa mchanga na kukunjwa kwa moto, ukuta wake hukonda upande wa nje wa mkunjo na kujikunyata upande wa ndani, na hapo ndipo litakapovunjika siku ya siku.

Kasoro ya pili iko katika kuchomelea. Kizimba kizuri hukaribia sana paa, na kwa sababu hiyo fundi hawezi kufikisha moto upande wa juu wa maungio. Fundi mwenye ujuzi hutoboa sakafu chini ya miguu ya kizimba, hukishusha chini, huchomelea maungio ya juu pande zote, kisha hukiinua na kukisimamisha juu ya mabamba yake. Fundi mwenye haraka huchomelea upande wa chini tu, ule unaoonekana, halafu hupaka rangi. Rangi huficha yote. Mwenye gari huondoka akiwa amefurahi, ilhali nusu ya kila ungio imeshikwa na hewa.

Kasoro ya tatu ni miguu. Sakafu ya gari dogo ni bati lenye unene wa milimita moja hivi. Bomba likisimamishwa juu yake bila bamba la kutandaza uzito, gari linapopinduka bomba hilo hupenya sakafu kama msumari unavyopenya kopo, na kizimba chote kikateremka pamoja na paa.

KITI NA MKANDA

Wengi hudhani kwamba kiti cha mbio ni pambo, au ni kitu cha kumzuia dereva asiyumbe kwenye kona. Kwa kweli kiti, mkanda, kofia ngumu na kizimba ni viungo vya mwili mmoja. Kimoja kikiondolewa, vingine hugeuka kuwa adui.

Tuchukue mfano wa mtu mwenye uzito wa kilo 75 katika gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa. Likigonga na kusimama katika umbali wa sentimita 60, mwili wake husukuma mkanda kwa nguvu inayolingana na mzigo wa kilo 1,200 hivi. Hiyo ni kasi ya mjini tu, si ya mashindano. Sasa mzigo huo ukibebwa na kiti kilichofungwa kwa vipande vya bati na bolti mbili za kuokota, kiti hung'oka na kwenda pamoja na mtu wake. Kanuni za mashindano zadai kila kiti kishikwe mahali pasipopungua panne, kwa bolti za milimita 8, na kwamba vishikio vya chuma viwe na unene usiopungua milimita 3. Tena viti hivyo vina muda wake: kiti cha daraja la kawaida huhesabiwa kuwa kimezeeka miaka mitano baada ya kutengenezwa, hata kama hakijawahi kupata ajali. Viti vingi vinavyouzwa mitumba katika masoko yetu vilikwisha kustaafu huko vilikotoka.

Mkanda wa mbio nao hufaa tu ukikazwa kwenye kiti chenye matundu yake na mahali imara pa kushikia nyuma. Ukifungwa juu ya kiti cha kawaida, mwili huteleza chini ya mkanda na tumbo likabeba mshindo uliopasa kubebwa na mifupa ya nyonga. Na ukifungwa katika gari lisilo na kizimba, humshikilia mtu wima bila kumruhusu ainame, huku paa likishuka juu ya kichwa chake.

HATARI YA BARABARANI

Hapa ndipo ilipo hoja kubwa. Dereva wa mashindano huvaa kofia ngumu, na mabomba yaliyo karibu na kichwa chake hufunikwa sponji maalumu. Dereva wa barabarani havai kofia. Bomba la chuma limepita kiasi cha shubiri moja kutoka kwenye utosi wake, na katika mgongano mdogo ambao gari la kiwandani lingemwacha na uvimbe tu, bomba hilo laweza kumpasua kichwa. Abiria wa nyuma, ambao aghalabu ni watoto wake, wana bomba mbele ya nyuso zao. Aidha, pamoja na viti vya kiwandani fundi huwa ameng'oa mifuko ya hewa ya ubavuni, na mabomba yamezuia ile inayoshuka kutoka kwenye paa. Mwenye gari amelipa fedha nyingi ili aondolewe kinga aliyokuwa nayo.

Hata kizimba bora kuliko vyote kina mpaka wake. Mwezi Septemba 2005, katika mashindano ya Uingereza, Michael Park alifariki baada ya gari lake kugonga mti kwa ubavu. Mwezi Aprili 2023, Craig Breen alifariki huko Croatia alipokuwa akifanya majaribio. Hao walikaa ndani ya magari yaliyojengwa na wahandisi bora wa dunia. Itakuwaje basi kwa yule aliyekaa ndani ya bomba la maji?

Taarifa ya polisi ya Uganda ilionyesha kwamba watu 5,144 walikufa katika ajali za barabarani mwaka 2024, kutoka watu 4,806 mwaka 2023. Wengi wa marehemu hao hawakuwa na gari kabisa. Walikuwa waenda kwa miguu na watu wa bodaboda. Kwa hiyo kizimba hakimhusu mwenye gari peke yake. Mtu aliyejiona amevaa deraya huongeza mwendo, na mwendo huo hulipwa na mama anayevuka barabara na kikapu chake.

WAJIBU WA ASKARI

Askari wa barabarani hahitaji kuwa mhandisi. Akutanapo na gari la namna hiyo, na atazame mambo manne. Je, mwenyewe ana hati ya ukaguzi kutoka kwa wasimamizi wa mchezo, na gari liko njiani kwenda au kutoka mashindanoni? Je, miguu ya kizimba imesimama juu ya mabamba yenye bolti, au imekaa juu ya bati tupu? Je, maungio yamechomelewa pande zote, hata upande ulioelekea paa? Ukipitisha kidole hapo utajua. Na je, ukikishika kiti kwa mikono miwili na kukitikisa, kinacheza? Gari lililoshindwa katika haya lipelekwe kwa mkaguzi wa magari. Noti isiyo na risiti haiwezi kulikaza, na askari aliyeipokea atakuwa mshirika katika yatakayotokea.

Kwa upande wa wasimamizi, ingefaa ukaguzi ufanyike kabla kizimba hakijapakwa rangi, na mafundi wa mitaani wafunzwe kanuni hizi katika lugha wanayoielewa. Fundi aliyeonyeshwa bamba la milimita 3 na sababu yake hatarudia kosa. Kumkimbiza karakana moja hadi nyingine hakumfundishi lolote.

Mwisho, askari ajitazame mwenyewe. Mabomba yaliyochomelewa nyuma ya magari ya doria ni ya kushikilia. Hayakuwekwa kumlinda mtu gari likipinduka. Askari aliyekaa ukingoni, bunduki mapajani, bila mkanda, atarushwa nje kabla bomba halijagusa ardhi, na huenda gari likamlalia. Kamanda anayeruhusu gari hilo liendeshwe kwa fujo ati kwa kuwa lina chuma, anawapoteza watu wake bila adui. Na apunguze mwendo kwenye kona, awakalishe watu wake chini ndani ya gari na si ukingoni, na adai mikanda kila mahali inapoweza kufungwa. Hayo hayahitaji bajeti mpya, na yanaweza kuanza katika doria ya leo jioni.