Tani tatu na nusu kwenye karatasi: pikapu gani ya mazutu inaweza kweli kuvuta tela Katanga?

LUBUMBASHI – Tangu sheria ya tarehe 8 Februari 2017 iamue kwamba kazi za sous-traitance zipewe kampuni ambazo sehemu kubwa ya mtaji iko mikononi mwa Wakongomani, kampuni ndogo zimeota Haut-Katanga na Lualaba kama uyoga wa mvua za kwanza. Huyu anachimba visima, yule anachomelea uzio, mwingine anapeleka maji kwenye kambi za wanajiolojia. Wengi wao hufika siku moja kwenye uamuzi uleule: kununua pikapu ya mazutu na kufunga tela nyuma. Mara tela hiyo ni tangi la maji, mara ni jenereta, na siku hizi mara nyingine ni karavani, yaani kibanda chenye vitanda na jiko ambacho timu hulala ndani yake porini.

Uamuzi huo hubeba kampuni nzima. Tarehe 22 Februari 2025 serikali ilisimamisha kuuza kobalti nje ya nchi, na ilipofika tarehe 16 Oktoba ikaanza kugawa viwango kwa kila kampuni. Mgodi ukipunguza mwendo, fakturi ya kampuni ndogo ndiyo ya kwanza kukaa mezani bila saini. Mkopo wa gari hausubiri. Aliyenunua pikapu isiyofaa anajikuta analipa benki kwa mkono mmoja na fundi kwa mkono wa pili, wakati gari lenyewe limeegeshwa juu ya matofali.

Wauzaji wa Lubumbashi wana namba moja wanayoipenda: kilo 3,500. Ndio uzito ambao pikapu nyingi mpya za dizeli zinaruhusiwa kuvuta, zikiwemo Toyota Hilux ya lita 2.8, Ford Ranger, Isuzu D-Max na Nissan Navara. Namba hiyo si ya uongo. Lakini imeandikwa kwa gari ambalo karibu halina kitu ndani, na hapa kwetu hakuna pikapu inayosafiri bila kitu.

Namba ambayo muuzaji haitaji ni uzito wa msafara mzima: gari, tela, watu na mizigo vyote pamoja. Tupige hesabu ya mfano. Pikapu ya kabini mbili ina kilo 2,100 ikiwa tupu na tangi la mazutu limejaa. Mtengenezaji anasema gari lenyewe lisizidi kilo 3,000 na msafara mzima usizidi 6,000. Funga tela ya kilo 3,500, zinabaki 2,500 kwa gari. Toa zile 2,100, unabaki na kilo 400. Dereva na wafanyakazi wanne wenye kilo 75 kila mmoja ni 375. Zinabaki kilo 25, ambazo hazitoshi hata sanduku la vifaa na gurudumu la ziada la tela. Na bado hujapita Likasi.

Sasa chukua tela ya maji ya lita 2,000. Lita moja ya maji ni kilo moja. Ongeza kilo 700 za chuma na magurudumu, unapata 2,700. Kichwa cha tela hukandamiza kulabu ya gari kwa karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wa tela, hapa kilo 270, na mzigo huo unabebwa na ekseli ya nyuma kama vile umeuweka kwenye bodi. Toa 2,100 na 270 kutoka 3,000, zinabaki kilo 630. Watu watano wanaingia, na bado kuna kilo 255 za vifaa. Gari ni lilelile, ila sasa linafanya kazi bila kuvunjika mgongo. Kwa maoni yangu, mwenye pikapu ya daraja hilo asahau tani tatu na nusu na ajipangie tani mbili na nusu, mbili na saba akizidi sana.

Maji yana tabia nyingine ambayo mizani haioneshi. Tangi lililojaa hutulia. Tangi la nusu hucheza: ukikanyaga breki maji yanakimbilia mbele, ukikata kona yanalala upande mmoja na kulivuta gari. Ukiagiza tangi kwa mchomeleaji wa mjini, mwambie aweke kuta za kugawa ndani. Ni kazi ya siku moja tu, na inaokoa roho za watu.

Karavani ina matatizo yake. Uzito wake si mkubwa sana, lakini uso wake ni kama ukuta, na upepo huusukuma njia nzima. Kwa hiyo pikapu inayovuta karavani ya tani moja na nusu inaweza kunywa mazutu zaidi ya ileile inayovuta vyuma vya uzito huo. Tena karavani za Ulaya zilitengenezwa kwa lami. Kwenye barabara ya udongo yenye makunyanzi, makabati yanang'oka misumari kabla ya siku ya pili. Zile za Afrika Kusini zilizotengenezwa kwa ajili ya porini ni fupi, zina chasisi nzito na magurudumu makubwa, na ndizo ninazoona zina maana kwa anayekwenda Mitwaba au kwenye uwanda wa Kundelungu.

Hapo ndipo watu huuliza juu ya nguvu ya injini, na mabishano huanza. Upande mmoja kuna Land Cruiser 79 yenye injini ya 1HZ: lita 4.2, silinda sita kwenye mstari, haina turbo, pampu yake ya mazutu inafanya kazi kimakanika bila kompyuta. Inatoa nguvu za farasi karibu 130 na msukumo wa Nm 285. Upande wa pili kuna Hilux ya lita 2.8 yenye turbo, farasi 204 na Nm 500 ikiwa na giaboksi ya otomatiki. Kwa karatasi hakuna mashindano. Na mji wetu unaongeza jambo: Lubumbashi iko kwenye mwinuko wa mita kama 1,200, ambako hewa ni nyepesi. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 za mwinuko, kwa hiyo 1HZ ya hapa imeshakatwa sehemu moja ya kumi kabla haijafungwa tela. Yenye turbo hujisukumia hewa yenyewe, haisikii sana.

Kwa nini basi ile ya zamani bado inatafutwa hivi? Jibu liko kwenye mazutu.

Injini za kisasa za Ulaya, Japani na Marekani zilitengenezwa kwa mazutu yenye salfa kidogo sana. Ulaya mpaka ni sehemu 10 kwa kila milioni tangu 2009. Marekani ni 15. Chini ya gari kuna kichujio kinachokamata masizi ya moshi na kuyachoma chenyewe, na kwenye magari mengi kuna pia tangi dogo la maji ya urea yanayoitwa AdBlue. Mazutu yenye salfa nyingi huharibu mfumo huo. Kichujio kinaziba, kompyuta inapunguza nguvu ili kuilinda injini, na wewe uko na tani mbili na nusu nyuma, katikati ya pori. Wanaoangalia video za pikapu kubwa za Marekani, zile Ram na Ford zinazovuta karavani kama nyumba, wanapaswa kujua kwamba magari hayo yanategemea hasa mazutu ya aina hiyo na urea kwenye kila kituo.

Mazutu yetu ya kusini hupitia zaidi Zambia, kwa hiyo ubora wake hauamuliwi hapa peke yake. Kuna habari nzuri: bomba la TAZAMA, lenye kilomita zaidi ya 1,700 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, ambalo kwa miaka mingi lilisafirisha mafuta ghafi, tangu 2023 linasafirisha dizeli yenye salfa ndogo. Lakini kati ya Ndola na tangi lako kuna lori, depo, kituo, na ukitoka mjini kuna bidoni za wale wauzaji wa barabarani tunaowaita kadhafi. Bidoni haina cheti. Inaweza kuwa na maji, vumbi, au mazutu yaliyochanganywa. Pampu ya kimakanika ya 1HZ huvumilia uchafu fulani. Sindano za mazutu za injini ya kisasa, zinazofanya kazi kwa mgandamizo mkubwa mno, huua kampuni changa kwa bei yake tu. Atakayechagua ya kisasa afunge kichujio cha pili cha kutenganisha maji na abebe vichujio vya akiba kila safari.

Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji ni hili: gari hili lilitengenezwa kwa soko gani? Hilux mbili zinazofanana rangi na taa zinaweza kuwa magari mawili tofauti. Ile iliyotengenezwa kwa soko la Afrika kwa kawaida huja bila kichujio cha masizi. Ile iliyouzwa Japani au Uingereza miaka ya karibuni inacho. Garaji za mjini hukikata na kuidanganya kompyuta. Ninaelewa kwa nini wanafanya hivyo, ila moshi ule unaishia kwenye mapafu ya watoto wa Katuba na Kenya, na gari lililokatwa ovyo mara nyingi hurudi garaji kwa ugonjwa mwingine.

Kuna tena usukani. Sisi tunaendesha upande wa kulia. Zambia, Tanzania, Afrika Kusini na Japani ni kushoto. Ndiyo maana magari mengi ya mitumba yanayopita Dar es Salaam au Durban yana usukani wa kulia, na serikali imejaribu zaidi ya mara moja kuyazuia. Weka siasa pembeni, angalia kazi. Dereva aliyekaa kulia, nyuma ya lori la katodi za shaba kwenye barabara ya Kolwezi, haoni kinachokuja mpaka ametoa nusu ya gari njiani. Bila tela anaweza kurudi haraka. Akiwa na tela, msafara wake una mita kumi na zaidi na haurudi haraka popote. Kwa kuvuta, usukani wa kushoto unastahili kulipiwa zaidi. Wanaoutafuta Dubai waangalie vizuri, maana pikapu nyingi za Ghuba ni za petroli.

Breki nazo husahaulika mpaka siku ya ajali. Mkataba wa Vienna wa 1968 kuhusu barabara unaruhusu leseni ya kawaida ya gari dogo kuvuta tela isiyozidi kilo 750; juu ya hapo mara nyingi ni leseni ya daraja jingine. Ulaya, juu ya uzito huohuo, tela lazima iwe na breki zake. Hapa mjini tunaona tela za tani mbili zilizochomelewa juu ya ekseli ya gari kuukuu, bila breki hata moja, zikielekea Kasumbalesa. Gari linasimama, tela haisimami.

Wengine hununua pikapu zilizostaafu migodini. Land Cruiser ya namna hiyo inaweza kuwa bahati: ilifanyiwa matengenezo kwa ratiba. Inaweza pia kuwa imeishi miaka kwenye tope lenye asidi, likila chasisi kutoka ndani. Lala chini, gonga chasisi kwa nyundo ndogo kuanzia kulabu hadi springi za nyuma. Kilomita zilizoandikwa hazina maana kubwa. Gari la mgodini hufanya kazi saa nyingi bila kwenda mbali.

Mimi ningegawanya hivi. Anayefanya kazi kwenye lami kati ya Kasumbalesa, Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, karibu na vituo vizuri na mafundi wenye kompyuta, achukue Hilux ya 2.8 au D-Max ya lita 3.0, toleo la Afrika, usukani wa kushoto. Anayekwenda Pweto au Mitwaba achukue 79 ya 1HZ, akubali kupanda mlima kwa gia ya pili huku malori yakimpita. Pikapu za Kichina ni nafuu zaidi na zinaboreka, lakini kabla ya kulipa, ulizia pampu ya maji na klachi yake Kasenga, si kwenye duka la mjini. Usipozipata, hesabu siku utakazolala huko ukizisubiri.

Na kabla ya kusaini, omba gari kwa nusu siku. Pakia tela kama itakavyopakiwa siku ya kazi, watu wakae ndani, tangi lijae, kisha upeleke vyote kwenye mizani ya malori. Pima msafara mzima, halafu pima ekseli ya nyuma ya gari peke yake. Muuzaji akikataa, nenda kwa mwingine.