Kona ya Mwalimu: Namba ya mlango na anayekaa ndani



Wengi wetu tuna watoto au ndugu waliopokelewa Marekani: Texas, Arizona, Michigan na kwingine. Wakipiga simu wanatuelezea maisha ya huko, na mara moja moja wanatuletea maswali ambayo hatukuyategemea. Swali la wiki hii limeletwa na mama mmoja wa kikundi chetu, ambaye binti yake anakaa upande wa Detroit. Binti anauliza: «Hapa televisheni kubwa ziko kwenye namba 2, 4 na 7. Lakini CBS, ambayo nayo ni kubwa, iko kule mbali kwenye namba 62. Nani aliipeleka huko?»

Ni swali zuri. Jibu lake lina mpira, mikataba na pesa nyingi ndani, lakini mwisho linatufikisha kwa watu waliojijengea kitu chao wenyewe kupitia chama chao, jambo ambalo sisi wamama tunalijua. Twende hatua kwa hatua.

Kituo ni kimoja, mtandao ni kingine

Hapa kwetu tunazijua redio za mtaa. Redio ina mwenyewe, ina antene yake na watangazaji wake tunaowajua kwa sauti. Lakini saa fulani inaunganisha habari za Radio Okapi, au matangazo ya Kiswahili yanayotoka ng'ambo. Sisi wasikilizaji hatuhami: tunabaki kwenye FM ile ile, na habari inatukuta pale. Siku redio hiyo ikiacha kuunganisha, habari zile hazijafa. Zimekosa tu mlango wa kuingilia nyumbani kwako.

Televisheni za Marekani zinafanya kazi karibu hivyo. ABC, CBS, NBC na Fox ni mitandao. Kila mji una vituo vyake, na vituo vingi si mali ya mtandao, ni vya kampuni nyingine. Kituo kinatia sahihi mkataba na mtandao. Mtandao unaleta michezo, tamthilia na habari za taifa. Kituo kinaleta antene, namba, na watangazaji wanaoujua mji. Mkataba ukimalizika, kila upande una haki ya kutafuta mwenzake mwingine.

Sasa namba. Zamani namba ya chaneli ilikuwa kipande cha mawimbi ambacho serikali ilimgawia kila mwenye kituo. Namba 2 hadi 13 zilikuwa mawimbi ya VHF, yanayofika mbali bila taabu kubwa. Kuanzia 14 kwenda juu ilikuwa UHF, inayohitaji umeme mwingi zaidi na kuzuiwa upesi na vilima na majengo. Tena televisheni nyingi za wakati ule hazikuweza hata kupokea UHF, mpaka sheria ya mwaka 1962 ilipovilazimisha viwanda kutengeneza televisheni zinazopokea namba zote kuanzia 1964. (Watoto wakiwauliza namba 1 iko wapi: serikali iliiondoa kwenye televisheni mwaka 1948, mawimbi yake yakapewa redio za mawasiliano.)

Kwa hiyo namba ndogo ilikuwa kama meza ya mbele sokoni, pale watu wanaposhukia. Namba kubwa ilikuwa meza ya nyuma kabisa. Unga ni ule ule na kipimo ni kile kile, lakini wa nyuma anauza kwa shida, kwa sababu miguu ya wateja imekwisha kuzoea kusimama mbele.

Mpira uliohamisha milango

Fox ilianza mwaka 1986, ikiwa mdogo wa wenzake, na vituo vyake vingi vilikuwa meza za nyuma. Mwezi Desemba 1993 ikafanya jambo lililowashangaza wote: ilikubali kulipa dola bilioni 1,58 kwa miaka 4 ili ionyeshe sehemu ya ligi kubwa ya mpira wa Kimarekani, ule wa kubebwa mkononi. Sehemu hiyo CBS ilikuwa nayo tangu 1956. Ndani yake kulikuwa na timu za Dallas, Atlanta na Detroit, miji ambayo siku ya Jumapili watu wanakaa mbele ya televisheni kama vile sisi timu yetu inapocheza.

Kupata mpira bila meza za mbele ni kazi bure. Ndipo tarehe 23 Mei 1994 Fox ikatangaza mapatano na kampuni ya New World Communications. Fox ingeweka dola milioni 500 ndani ya kampuni hiyo, nayo New World ingevihamishia vituo vyake kwa Fox, vingi vyao vikiwa vya CBS. CBS ikaamka asubuhi ikakuta funguo za milango yake zimeshikwa na mtu mwingine.

Angalieni ilivyokuwa. Cleveland, CBS ilitoka namba 8 ikaenda 19. Atlanta, ilitoka 5 ikaenda 46. Milwaukee, ilitoka 6 ikaenda 58. Detroit, ilitoka 2 ikaenda 62.

Mfikirie bibi wa Detroit ambaye kwa miaka mingi alijua jambo moja: namba 2. Tarehe 11 Desemba 1994 anafungua namba 2. Habari za mji wake bado zipo pale. Mpira upo pale. Lakini tamthilia zake za mchana hazipo tena. Zimekwenda namba ambayo pengine hakuwahi kuifungua. Wengi hawakuzifuata. Mtandao ulifikiri watu ni wake, kumbe watu walikuwa wa namba na wa sura za mji zilizokaa nyuma ya namba hiyo.

Walioujenga mlango wa 62

Sasa tufike mahali ambapo historia hii inatuhusu zaidi. Namba 62 haikuwa tupu. Kituo chake kiliitwa WGPR, na kilipofungua matangazo tarehe 29 Septemba 1975 kilikuwa kituo cha kwanza cha televisheni Marekani kumilikiwa na watu weusi. Mwanzilishi alikuwa William V. Banks, mwanasheria na mchungaji, kupitia chama chao kilichoitwa International Free and Accepted Modern Masons. Chama hicho kilikuwa na redio tangu miaka ya 1960. Kutoka redio wakapanda kwenye televisheni.

Hawakuwa na pesa za mitandao mikubwa, na antene yao haikuwa na nguvu. Lakini walifanya kazi. Walikuwa na habari za mji zilizosomwa na watu weusi wakati ambapo sura hizo zilikuwa chache mno kwenye vituo vingine. Walikuwa na kipindi cha dansi cha vijana, The Scene, ambacho Wadetroit wa umri wetu mpaka leo wanakizungumzia. Na walikuwa shule. Wamama kama Amyre Makupson na Pat Harvey walipitia pale wakiwa wanaanza, baadaye wakawa watangazaji wakubwa kwenye vituo vikubwa. Anayefundisha anaelewa thamani ya mahali ambapo mtoto wa mtu asiyejulikana anapewa kipaza sauti na kuambiwa: haya, jaribu.

Mwaka 1994 CBS ilikuwa inatafuta mlango Detroit. Namba 2 imekwenda. Namba 4 na 7 zilikuwa na mitandao yao. Namba 50 nayo ilikuwa na mipango mingine. Ikabaki 62, na chama kikakubali kuuza kwa dola milioni 24. Watu weusi wa Detroit hawakuwa na sauti moja. Wako waliosema ni haki ya wenye mali kuuza mali yao. Wako waliopinga kwa nguvu, wakisema kinachouzwa si cha chama peke yake. Mauzo yalipita. Mwaka 1995 jina WGPR liliondolewa kwenye televisheni, ikaitwa WWJ. Redio chama hakikuiuza siku ile.

CBS ilinunua nini? Haikununua The Scene, wala ile shule ya vijana. Ilinunua kibali cha serikali na mahali. Na kwa sehemu kubwa ya miaka iliyofuata, mlango huo wa mtandao mkubwa haukuwa na idara yake kamili ya habari za mji, mpaka Januari 2023. Jengo la zamani la WGPR lenyewe limekuwa makumbusho tangu 2017, wanaotembelea wanaona studio ilivyokuwa.

Mimi siwahukumu waliouza. Mtu wa nje hajui madeni ya nyumba ya mwenzake, na dola milioni 24 si kitu cha kukataa kwa usingizi. Lakini ninaona somo kwetu. Kila kitu ambacho chama kinajenga kina sehemu tatu: karatasi, mahali, na kazi yenyewe. Karatasi na mahali vina bei, na mnunuzi anakuja kwa ajili ya hivyo. Kazi, yaani watoto waliofundishwa na wamama waliopata pa kusemea, haina mnunuzi. Ikiwa wenyewe hawajapanga itakwenda wapi, siku ya mauzo haitaandikwa kwenye mkataba, na kesho yake haipo.

Sisi tuna AVEC yetu, tuna meza zetu sokoni, tuna mashine ya kusaga. Leo wakubwa hawatuangalii. Hata WGPR hawakuiangalia kwa miaka karibu 20. Siku moja tajiri au mradi unaweza kuhitaji mahali petu kwa haraka, kwa sababu zake ambazo hazituhusu. Kujadili siku hiyo, mbele ya pesa, ni kuchelewa.

Namba za siku hizi

Tumjibu binti pia juu ya mambo ya leo. Tarehe 12 Juni 2009 vituo vikubwa vya Marekani viliacha mitambo ya zamani, vikabaki na dijitali. Mawimbi yalihamishwa, lakini namba ziliachwa zilivyo. Siku hizi namba ni jina tu ambalo kituo kinaiambia televisheni yako ilionyeshe. Mfano: pale Detroit kituo cha namba 2 kinatumia mawimbi ya 7, na kile kinachoitwa 7 kiko kwenye UHF! Mafundi wangeweza kubadili namba zote. Hawakuthubutu, kwa sababu zilikuwa zimekaa katika vichwa vya watu.

Kwa hiyo, binti, kama unatumia antene na chaneli imepotea, ingia kwenye mpangilio wa televisheni uiambie itafute chaneli upya. CBS utaikuta kwenye 62 yake.

Na sisi wenye dekoda tukumbuke: namba kwenye dekoda inapangwa na kampuni inayoiuza, na inaweza kuhamishwa bila kukuuliza. Chaneli ikitoweka, msikimbilie kumwita fundi na kulipa. Kwanza tafuteni upya kwa telekomande. Kisha andikeni namba mpya kwa herufi kubwa kwenye karatasi, mbandike karibu na televisheni. Mzee aliyepoteza habari zake za saa moja jioni hasemi. Anakaa tu kimya, na watoto wanadhani amechoka.

Kwa mkutano ujao naomba kila mama aje na jibu la swali hili: kama kesho mtu akitaka kununua mahali petu sokoni kwa bei nzuri, ni nini ambacho hatutauza, na kimeandikwa wapi? Mama katibu ataleta daftari la sheria zetu. Tutasoma pamoja, na kama hakijaandikwa, tutaandika.

Mbaki na amani.