Nasaha za Nyumbani: Mtoto Anayechanganya Nukta



Mwezi huu twapenda kusema juu ya jambo linalowadhulumu watoto ambao hawana ulimi wa kujitetea. Katika vyuo vya hapa Mnazi Mmoja na Kariakoo, kama katika vyuo vya pwani yote, yuko mtoto mwenye hifadhi nzuri: asomewe aya mara tatu, huirudisha bila ya kosa. Lakini akifunguliwa msahafu, ta huiita tha, fa huiita qafu, na kasra huipita kana kwamba haikuandikwa. Huambiwa mvivu, na fimbo hufuata. Nasi twauliza: je, yupo aliyempima macho?

Jicho lina kioo cha mbele kinachopitisha nuru, nacho waganga hukiita konea. Kikiwa kizima hasa, kimeviringana sawasawa pande zote, mfano wa chungwa. Lakini kwa watu wengi huelekea umbo la limau, upande mmoja umepinda kuliko wa pili. Hapo nuru haikutani mahali pamoja nyuma ya jicho, na nukta huvutwa ikawa kistari. Mistari ya upande mmoja huonekana mieusi dhahiri, na ya upande mwingine hufifia. Kasoro hii huitwa astigmatizimu. Si ugonjwa wa kuambukiza, wala si uchawi.

Sasa iangalieni khati yetu. Abul Aswad ad-Duali, aliyefariki mwaka 69 wa Hijra, hutajwa kuwa ndiye aliyeanza kuweka alama za irabu; na baada yake al-Khalil bin Ahmad akazipa sura tuzijuazo leo. Ziliwekwa ili Qur'ani isisomwe kwa makosa. Basi jicho lenye kasoro hii hupoteza kwanza alama hizo ndogo, na kupotea kwake ndiko kunakogeuza maana.

Wala haiwapati wasomaji peke yao. Mwindaji mwenye jicho la namna hii, akitazama katika darubini ya bunduki, katika ule msalaba wa nyuzi huweza kuona uzi mmoja mkali na wa pili una ukungu. Na nukta nyekundu ya kulengea huiona kama nyota yenye mkia. Huifuta darubini na kuilaumu. Lakini akiinamisha kichwa upande, mkia nao hugeuka pamoja na kichwa. Hapo hujua ya kuwa kasoro i katika jicho, si katika chombo.

Mzazi naye aweza kujaribu nyumbani. Chora katika karatasi nyeupe mistari inayotoka katikati kama njiti za gurudumu la baiskeli. Mtoto afumbe jicho moja, kisha aeleze kama mistari yote ni mieusi sawasawa. Igeuze karatasi robo. Ikiwa mistari inayofifia daima ni ya upande ule ule wa kutazama, japokuwa karatasi imegeuzwa, kosa si la karatasi. Jaribio hili halitoshi kuwa hukumu. Ni la kukuhimiza umpeleke kwa mtaalamu, Muhimbili, au CCBRT kule Msasani, au kwa mpimaji mwingine mwenye ujuzi.

Hapa twaonya. Miwani ya kusomea inayouzwa barabarani Kariakoo hukuza sawasawa pande zote. Yaweza kumfaa mzee ambaye macho yake yamechoka kwa umri, lakini haiondoi kasoro hii. Miwani ya astigmatizimu huwa na nguvu yake na upande wake, nao hupimwa kwa digrii. Kwa hiyo mtoto haazimwi miwani ya baba yake. Wala dawa ya matone, wala wanja, haunyooshi umbo la konea. Tena msikawie. Ubongo wa mtoto hujifunza kuona katika miaka ya mwanzo. Ukizoea ukungu huweza kulipuuza jicho, na baadaye miwani peke yake isitoshe.

Wako wasemao kuwa ilimu hii ni ya kigeni. Sivyo. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra karibu na mwaka 965, alibainisha katika Kitab al-Manadhir kwamba nuru hutoka katika vitu ikaingia jichoni. Mwaka 1801 Thomas Young, Mwingereza, akaieleza kasoro hii kutokana na jicho lake mwenyewe. Na katika miaka ya 1820 George Airy, wa nchi hiyo hiyo, akatengenezewa kioo cha kuirekebisha jicho lake.

Na wako wasemao kuwa binti mwenye miwani hataposwa. Twawajibu: mume atakayemkataa kwa ajili ya vioo viwili, kumkosa ni kheri. Hasara ya kweli ni binti kukua bila ya kuweza kusoma Qur'ani yake wala kitabu chake cha shule, ilhali dawa yake ilikuwapo.

Surat Abasa iliteremka kwa sababu ya Abdallah bin Ummi Maktum, kipofu aliyemwendea Mtume s.a.w. kutaka ilimu. Ikiwa asiyeona kabisa alipewa heshima hiyo kwa kuitafuta ilimu, basi sisi tuna udhuru gani wa kumpiga aonaye nusu?

Enyi walimu wenzetu, kabla ya kuinua fimbo, mfumbeni mtoto jicho moja, kisha la pili, na mumwulize aonacho. Na enyi wazazi, macho ya watoto wenu ni amana mliyopewa, na amana huulizwa. Mwenyezi Mungu atujaalie kuona kwa macho na kwa nyoyo. Amin.

Wabillahi tawfiq.