Aksanti Wakati wa Shida

Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto, kule Kolwezi, ulianguka. Miaka iliyofuata Gécamines ikadidimia, mishahara ikachelewa miezi na miezi. Nani alilisha nyumba? Mara nyingi ni mama: alilima shamba, akauza ku soko, bukari ikapatikana.

Kushukuru si kusema njaa haiko. Paulo, akiwa gerezani, hakuficha taabu yake. Lakini alimshukuru Mungu kwa ajili ya Wafilipi, waliomtumia msaada kwa mkono wa Epafrodito.

Na wewe kijana, leo mangaribi, mbele ya kula, sema aksanti kwa Mungu, kisha umugeukie mama umwambie vilevile. Chakula hakitaongezeka katika sahani, lakini mama atajua kama kazi yake imeonekana.