Sheria ya rushwa ianzie kwenye geti la maliasili

Daraja la Mkapa kwenye Mto Rufiji lilipofunguliwa Agosti 2003, wasafiri wa kusini waliachana na adha ya kusubiri kivuko pale Ndundu. Magogo nayo yakapata njia. Mninga na mkongo wa misitu ya Rufiji, Kilwa na Liwale ulipakiwa kwenye malori hadi Dar es Salaam, kisha ukavushwa bahari kwenda China.

Mei 2007 shirika la TRAFFIC, linalofuatilia biashara ya wanyamapori na mimea, lilitoa ripoti kuhusu uvunaji huo. Takwimu za China zilionyesha kwamba mbao zilizopokelewa kutoka Tanzania zilikuwa mara 10 ya zile zilizoandikwa Tanzania kuwa zimeuzwa nje. Wilayani, hadi asilimia 96 ya mapato yaliyostahili kukusanywa yalipotea. Rushwa, ripoti ilieleza, ilisindikiza gogo tangu kijijini hadi bandarini.

Miezi hiyohiyo nchi ilikuwa imepata Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa, Namba 11 ya 2007, iliyofuta ile ya 1971 na kuunda taasisi ya TAKUKURU. Ilikuwa hatua kubwa na inastahili kusifiwa. Hata hivyo, kifungu cha 15, kinachogusa hongo ya kila siku, kilipangiwa faini ya shilingi 500,000 hadi 1,000,000, au kifungo cha miaka mitatu hadi mitano, au vyote viwili. Hakimu akichagua faini, mwenye lori la mninga anailipa kama alivyolipa mafuta ya safari, na keshokutwa yuko porini tena.

Kenya iliona pengo la namna hii. Sheria yake ya Rushwa ya 2016 inaruhusu kifungo cha hadi miaka 10, na mkosaji aliyevuna faida inayoweza kupimwa huongezewa faini mara tano ya faida hiyo. Tena inamlazimu mtumishi wa umma anayejua au kushuku kuwa rushwa imetendeka atoe taarifa ndani ya saa 24. Wanaoandika sheria Dodoma hawana sababu ya kuogopa kuazima vifungu hivyo.

Lakini adhabu huja baada ya mti kuanguka. Hongo ya magogo wilayani Kibiti, kwenye misitu hiyohiyo ya Rufiji, hupangwa mapema zaidi: kwenye leseni ya uvunaji, nyundo ya alama inapogongwa kwenye gogo, hati ya kusafirishia inapojazwa, na lori linapofika getini usiku. Katika kila kituo ofisa mmoja anaamua, na mwanakijiji ambaye msitu uko nyuma ya shamba lake hajui kilichoandikwa. Hapo ndipo sheria inapopaswa kuingia. Itamke kwamba leseni ambayo jina la mwenyewe, idadi ya mita za ujazo na namba ya gari havijabandikwa kwenye ofisi ya kijiji ni batili, na kwamba ofisa anayeruhusu mzigo wake upite ametenda kosa.

Kwenye delta ya Rufiji kazi ni ngumu zaidi. Mikoko yake inafunika takriban hekta 53,000, na boti iliyobeba boriti inaweza kupita vijito visivyo na geti lolote. Huko macho ya serikali ni wakazi wenyewe.

Na wakazi hao wanaogopa. Kibiti ilishuhudia viongozi wa vijiji wakiuawa mwaka 2016 na 2017, na Aprili 2017 askari polisi wanane wakauawa kwa kuviziwa. Chochote kilichokuwa chanzo cha mauaji hayo, yaliwafundisha watu kunyamaza. Sheria ya Ulinzi wa Watoa Taarifa na Mashahidi ya 2015 ipo, ila mtu wa Mbuchi au Salale, huko delta, anahitaji mahali pa kupeleka taarifa bila kupitia kwa mtendaji ambaye huenda ndiye anayeshukiwa. Kifungu cha kumpa njia hiyo, ya simu au ya ofisi iliyo nje ya wilaya, kiandikwe ndani ya sheria yenyewe, kisiachiwe kanuni ambazo waziri anaweza kuzichelewesha kwa miaka.