Kilosa na Mikumi: Ufaulu si madawati tu

Kila NECTA inapotangaza matokeo, magrupu ya WhatsApp ya Kilosa na Mikumi huwaka moto: shule ipi imefaulisha, ipi imeboronga. Lawama huenda kwa uhaba wa walimu na msongamano darasani. Sawa, hayo yapo. Ila jedwali la matokeo halionyeshi kama mwanafunzi anajisikia salama darasani.

Anayeogopa kuchekwa hanyooshi mkono. Asipouliza, mwalimu mwenye darasa lililojaa hatajua kaachwa wapi, anasonga na mada. Ripoti ya UNESCO ya 2019 ilionyesha karibu mwanafunzi 1 kati ya 3 duniani alionewa na wenzake ndani ya mwezi mmoja, na kwamba wanaoonewa hupata alama za chini.

Kilosa hili ni zito zaidi. Desemba 2000, watu 38 waliuawa Rudewa Mbuyuni kwenye mgogoro wa wakulima na wafugaji, na 2008 damu ikamwagika tena wilayani. Leo watoto wa pande zote wanakaa dawati moja. Mwalimu akinyamazia utani wa "nyie wafugaji", mtoto ambaye Kiswahili si lugha ya nyumbani kwao ndiye anafunga mdomo wa kwanza.

Mikumi nako kuna la kwake. Malori hupita usiku na mchana, na binti anayesumbuliwa njiani anahitaji mwalimu wa kumwambia bila kuhukumiwa. Tangu Novemba 2021, waliokatishwa masomo kwa ujauzito wanaruhusiwa kurudi shule. Lakini akirudi halafu wenzake wakamwita "mama nanii" mbele ya mwalimu anayecheka, huyo hamalizi muhula.

Na viboko je? Kanuni za 2002 zinasema visizidi vinne, atoe mkuu wa shule au mwalimu aliyepewa idhini yake, na viandikwe kwenye daftari. Video ya Mbeya Day ya 2016, walimu wa mazoezi wakimshambulia mwanafunzi, ilionyesha kanuni ni jambo moja na darasa ni jingine.

Habari njema, mengi ya haya hayasubiri bajeti. Kwenye kikao kijacho cha wazazi, mzazi anaweza kuanza na maswali mawili: mwalimu wa ushauri na malezi ni nani, na daftari la viboko liko wapi?